Usikubali nyumba ya mbao ya shosho ibomolewe kabla hujaidunga bisibisi

Ukienda ocha, iwe ni Molo, Limuru au Kinangop, utaikuta bado imesimama: ile nyumba ya mbao ya shosho, kuta zimegeuka rangi ya jivu. Kuna mjomba ashasema ibomolewe, ijengwe ya mawe. Wewe skiza, fanya hesabu kwanza. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, bei ya mbao ilipanda. Na kama kuta ni za mwerezi wa zamani, mti ambao mchwa hauupendi, kupata nyingine kama hiyo leo ni kibarua.

Kijivu si kuoza. Ni jua na mvua vimekula ngozi ya juu tu. Chukua bisibisi, dunga mbao za chini karibu na udongo na zilizo chini ya madirisha. Ikigonga ngumu, uko sawa. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, toa ubao huo. Lakini tengeneza kwanza gata linalovuja na uondoe udongo uliorundikana ukutani, la sivyo hata ubao mpya utaoza.

Kisha osha kwa brashi na maji ya sabuni. Achana na mashine ya karwosh, inasukuma maji ndani na kuchana nyuzi za mbao. Acha ikauke siku kadhaa. Piga msasa namba 80, umalizie na 120, ukifuata nyuzi. Kama kuna rangi ya kitambo, inaweza kuwa na madini ya risasi: vaa barakoa, ilowanishe kabla ya kukwangua, na watoto wakae mbali.

Oil chafu ya gari, ambayo wazee wengi hupaka? Hapana. Inanuka, inachafua udongo, na rangi haitashika juu yake.

Mbao zikishakuwa safi usiziache uchi wiki nyingi. Paka praima, halafu rangi ya nje mikono miwili, na usisahau ncha za mbao, maji huingilia hapo. Januari na Februari ndio wakati poa, kabla ya mvua ya masika.

Huna doo ya nyumba nzima? Anza na ukuta mmoja. Mwerezi ukirudisha wekundu wake, piga picha, tupa kwenye grupu ya familia kabla kikao cha kubomoa hakijaitwa.