Mama wa kilo, mufanyakazi ambaye tulisahau kumuandika

Mufanyakazi mumoja wa posti ya usiku alikuja kutuona ku biro ya sendika, hapa Tenke, akiwa bado na salopeti ya kazi. Tulifikiri ni mambo ya masaa ya ziada, kwa sababu mwezi ule kila mutu alikuwa analalamikia masaa ya ziada. Akakaa, akaweka kofia ya kazi ku magoti, akasema: "Badelege, mutoto yangu iko ku lopitali. Banasema ni njaa. Mi niko na mushahara, sasa ile njaa inatoka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Na yeye hakukuja kuomba jibu, alikuja kuomba siku tatu. Kampuni yake, moja ya zile ndogo za sous-traitance (jina yake hatutataja hapa), ilimukatalia. Ruhusa iko kama umefiwa, iko kama bibi amezaa, lakini mutoto kukonda haiko ku liste. Tulienda kuzungumuza na mukubwa wa wafanyakazi, akatoa siku mbili. Lakini swali ya ule papa ilibakia katika vichwa vyetu, na njo sababu tunaandika leo.

Mutu wa kwanza kuona ule ugonjwa hakuwa munganga. Alikuwa mama mumoja wa kartiye, ambaye watu wanamuita "mama wa kilo" kwa sababu zamani alikuwa anasaidia kupima watoto ku santé. Alisoma tekniki sosiali ku sekondari. Ku makaratasi anaitwa releko, wengine wanasema asistanti sosiali, lakini kontra hana. Kazi yake ni kupita lupango kwa lupango, kutembelea familia zenye watoto wa chini ya miaka sita. Malipo yake: tisheti moja kila mwaka, na mara ingine pesa ya transport.

Siku ya posho moja, tuliomba kumufuata. Tulikuwa wawili wa sendika, na wote wawili tulizoea kufikiri kama kazi ile ni ya kugawa sabuni na bunga. Hakugawa kitu. Alikuwa na kitabu, kalamu, na mukanda ule wa rangi tatu wa kupima mukono wa mutoto. Katika lupango ya kwanza alikaa ku kiti kidogo, akauliza mama wa nyumba kama walilala muzuri, kama makala imepanda bei tena. Dakika kumi nzima hakuuliza kitu juu ya mutoto. Sisi tulianza kuangalia saa. Kisha kutoka pale akatuambia kwa sauti ya chini: "Muliona? Yule mutoto mudogo, yaya yake alimuita mara mbili, hakugeuka. Nitarudia siku ya tatu, tumupeleke bamuangalie masikio." Hatukuona chochote. Tuliona tu mutoto anakaa ku mukeka.

Mukanda ule ni kitu kidogo, lakini inafaa kila mufanyakazi aujue. Unapima mukono wa juu, kwa mutoto wa miezi 6 mupaka miaka 5. Kama kipimo kiko chini ya milimetre 115, ni rangi nyekundu, ni utapiamulo mukali, mutoto anakwenda ku lopitali siku ile ile. Kati ya 115 na 125 ni manjano, ni kufuatilia. Ule mutoto wa mwenzetu wa posti ya usiku alikuwa na mwaka moja na miezi miwili, na mukono wake ulikuwa ku nyekundu.

Na njaa ilitoka wapi? Mama wa kilo alitueleza, kwa ruhusa ya wazazi. Papa anafanya masaa 12 usiku, anarudi asubuhi, anataka kulala. Nyumba ni chumba kimoja na salon. Ili papa apumzike, watoto wanatoka inje. Mama naye anakwenda kuuza ku soko, kwa sababu mushahara wa sous-traitance unalipa nyumba na deni tu. Mutoto anabakia na yaya yake wa miaka minane, ambaye hakwendi tena ku masomo. Yaya anamupatia chai ya sukari na bukari kidogo ya jana. Tumbo inajaa, mutoto halii, watu wanasema iko muzuri. Karanga, samaki, maharagi, mayai, vile vinakuja mangaribi, wakati mudogo amekwisha kulala. Mushahara ulikuwa unaingia kila mwezi, lakini hakuna mutu mukubwa aliyekuwa anamuangalia ule mutoto muchana. Ratiba ya kazi yetu njo ilimukondesha, tuseme hivyo wazi.

Kitu kingine alitufundisha, na hiki kilituumiza zaidi, kwa sababu ni sisi wenyewe tunakileta ku nyumba. Alimuambia ule papa: "Papa, usimubebe mutoto na salopeti. Vua kwanza, oga, kisha mubebe." Tulidhani ni mambo ya usafi tu. Hapana. Waganga wa Université ya Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, wamekuwa wanapima mikojo na damu ya watu wanaoishi karibu na karyeri za Katanga. Utafiti wao uliotoka mwaka wa 2018, juu ya kartiye Kasulo ya Kolwezi, mahali watu walikuwa wanachimba kobalti ndani ya malupango, ulionyesha kama watoto njo walikuwa na kobalti mingi zaidi mu mwili. Mwaka wa 2020 walitoa ingine, ya Lubumbashi, iliyoonyesha kama watoto ambao papa zao wanatumika kazi ya madini wako katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Mutoto anatambaa chini, anatia mikono mu kinywa, na vumbi iko chini. Kufagia na maji, kufua salopeti peke yake, kuosha mikono ya mutoto mbele ya chakula: hakuna munganga anayekuja ku nyumba kusema ile. Ni mama wa kilo.

Sasa wazee watatuambia: hii haiko mupya. Ni kweli. Sisi tuliozaliwa katika makambi ya Gécamines tunakumbuka. Mambo ile ilianza na Union Minière, katika miaka ya 1920, wakati kampuni ilichoka kutafuta wafanyakazi wapya kila mwaka. Ikaanza kutoa kontra ya miaka mitatu, kuleta bibi na watoto katika makambi, kupima watoto wachanga, kupatia chakula watoto waliotoka ku ziwa. Munganga Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa ile, aliandika kitabu mwaka wa 1946 kuhesabu faida yake. Faida ya nani? Kampuni ilitaka wafanyakazi wanene, na watoto ambao watakuwa wafanyakazi kisha baba zao. Mama zetu wanatuhadithia namna asistanti alikuwa anaingia bila hodi, anafunua sufuria, anaandika jina ya mama ambaye hakufika ku kilo. Hatuombi ile irudie.

Lakini tukiangalia vizuri, ule mwanamuke alikuwa na mushahara. Alikuwa na biro, mizani, na munganga wa kumutumia mutoto. Wakati Gécamines ilianguka, foyer social ilifunga pamoja na posho. Mwaka wa 2003 wafanyakazi 10.655 waliondoka katika ile tuliyoitwa "départ volontaire", na kila mumoja aliondoka na familia yake yote kutoka mu mikono ya kampuni. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya wale watoto, na ku jina ya kitabu anawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Hapa Tenke, wale wa treni walipitia kitu kile kile, kwa sababu muji huu ulizaliwa na njia ya chuma, mahali ile ya Lobito inakutana na ile ya Lubumbashi.

Makampuni mapya yalipokuja, tulipigania mushahara, transport, matibabu, prime. Tulifanya vizuri. Lakini katika miaka yote tuliyokaa ku meza na wakubwa wa kazi, hakuna siku tuliandika neno moja juu ya mutu wa kuangalia watoto wadogo. Tulidhani ni mambo ya wanawake, ya kanisa, ya wale wa mashirika wanaokuja na gari nyeupe. Mumoja wetu hata alichekesha watu mu mukutano: "Sendika itapima kilo ya batoto?" Watu walicheka sana. Tunaandika hapa ili ajue kama hatujasahau, na yeye mwenyewe ameturuhusu.

Sheria zinatupatia mahali pa kushika. Sheria ya kazi ya 2002 inampatia mama anayetumika wiki 14 za kuzaa, na theluthi mbili ya mushahara, tena nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Muzuri ku karatasi. Mwenzetu mwanamuke anayeendesha camion benne alituambia nusu saa haimufikishe hata ku barrière, na mutoto iko ku nyumba, kilometre mingi. Masomo ya bure iliyoanza mwaka wa 2019 inaanza ku darasa ya kwanza. Mutoto wa miaka mitatu mupaka mitano, mzazi anajipanga. Kuna espaces communautaires d'éveil katika maprovince mbalimbali, mahali mama wa kartiye anacheza na watoto na vifuniko vya chupa, vijiti, nyimbo, ngano, na vile mutoto anajua kuhesabu mbele ya kufika ku masomo. Hazihitaji nyumba ya ghorofa. Zinahitaji kivuli, maji, na mutu anayelipwa.

Na pesa iko. Sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inaomba kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji, na 15% ya redevance inakuja ku entité ya hapa. Tunaona majengo, tunaona visima, tunapiga makofi. Mushahara wa mama wa kilo haupigwi picha siku ya kukata kamba, labda njo sababu haumo.

Ule mutoto alitoka ku lopitali. Alipatiwa ile pakiti ya karanga ya wagonjwa, akarudia nguvu, sasa anatembea akishika ukuta. Papa anaoga mbele ya kuingia nyumba, na kisha kuoga anakaa naye saa moja, anamulisha uji ya karanga mwenyewe, kisha analala. Majirani walimucheka mwanzo. Yaya wa miaka minane amerudi ku masomo, lakini bado siku za soko anakosa. Mama wa kilo anaendelea kubishana na nyumba ile juu ya siku za soko.

Mwezi ujao tuko na mukutano na wakubwa wa kazi juu ya convention collective. Kwa mara ya kwanza tumeandika: mufanyakazi mumoja wa familia kwa kila kartiye, mwenye kontra, kwa watoto wa wafanyakazi wote, hata wale wa sous-traitance, na siku za kulipwa kwa mzazi ambaye mutoto yake iko ku lopitali. Kabla ya kupeleka ile karatasi tulimuonyesha mama wa kilo, tukamuuliza kama kuna kitu kimesahauliwa. Alisoma pole pole, mupaka chini, akasema mvua imekaribia na njia ya nyuma ya gare inakuwa matope matupu. "Muniandikie bote, badelege. Mi navaa 38." Tumeziandika.