Bei Iliyoandikwa Juu ya Pampu

Wakulima wengi huona pampu ya kunyunyizia dawa ikiuzwa bei moja katika maduka yote ya mjini, wakasema, "Wenye maduka wamepatana." Pengine ni kweli, lakini mara nyingi sababu iko mbali na duka: iko kwa mwenye kiwanda. Yafaa kila mkulima afahamu jambo hili.

Kwanza, mwenye kiwanda hukata bei ya jumla. Tuseme pampu humfikia mwenye duka kwa Sh. 2,000. Akiuza chini ya hapo atapata hasara. Lakini anunuaye pampu 50 pamoja huenda akapunguziwa, akazipata kwa Sh. 1,800 kila moja. Ndiyo maana duka kubwa laweza kuuza rahisi kuliko duka dogo la sokoni, wala mwenye duka dogo si mwizi.

Pili, mwenye kiwanda huandika bei juu ya bidhaa, tuseme Sh. 2,500. Wenye maduka wengi huifuata, maana faida yao imekwisha kupimwa humo. Hata hivyo, bei hiyo ni shauri tu. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 yamruhusu mwenye kiwanda kupendekeza bei, mradi aeleze wazi kwamba haimfungi mwenye duka, na kando ya bei iandikwe kuwa ni ya kupendekezwa.

Asiloruhusiwa ni kumlazimisha mwenye duka asiuze chini ya bei fulani, kama kumwambia, "Ukipunguza, hutapata mali tena." Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Basi, mkulima, fanya hivi:

1. Uliza bei katika maduka mawili matatu kabla ya kununua.

2. Omba upunguziwe bila kuona haya. Bei iliyoandikwa si amri.

3. Nunueni pamoja katika chama chenu cha ushirika. Kila pampu ikipungua Sh. 200, pampu 50 zitawaokolea Sh. 10,000.

4. Jihadhari na mbegu au dawa iliyo rahisi kupita kiasi. Huenda ikawa bandia, na hasara yake utaiona shambani, wakati mvua imekwisha kupita.