MAJI YA CHINI YA ARDHI, UCHAFUZI WA MAJI NA MAPOROMOKO YA ARDHI: MFANO WA HIMO NA MITEREMKO YA KILIMANJARO

Utangulizi

Watahiniwa wengi husoma maji ya chini ya ardhi, uchafuzi wa maji na maporomoko ya ardhi kama mada tatu zisizohusiana. Wakifika kwenye chumba cha mtihani huandika orodha tatu walizokariri, na swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Mambo haya matatu yanaongozwa na jambo moja: namna maji yanavyopita ndani ya udongo na miamba. Ukiielewa njia ya maji, hoja zitakuja zenyewe.

Tutatumia mfano wa Himo, mji mdogo wa Wilaya ya Moshi, mahali zinapokutana barabara za kutoka Dar es Salaam, Holili na Marangu. Himo iko chini ya miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kilimanjaro (mita 5,895). Kinachofanyika Marangu na Kilema juu hufika Himo kwa njia ya maji, na kinachofanyika Himo huendelea kwenda tambarare za Kahe na bonde la Mto Pangani.

1. Maji ya chini ya ardhi

Maji ya chini ya ardhi ni maji yaliyojaa kwenye vinyweleo na nyufa za miamba na udongo. Sehemu ya juu kabisa ya ukanda uliojaa maji huitwa usawa wa maji ardhini. Usawa huu hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi. Ndiyo maana kisima kifupi huweza kukauka mwezi wa Februari huku kisima kirefu cha jirani kikiendelea kutoa maji.

Ili mwamba uhifadhi maji na kuyatoa, unahitaji sifa mbili:

(a) Uwe na nafasi za kukaa maji, yaani vinyweleo au nyufa.
(b) Nafasi hizo ziwe zimeungana ili maji yaweze kupita.

Usichanganye sifa hizi. Udongo wa mfinyanzi una vinyweleo vingi sana, lakini ni vidogo mno, kwa hiyo unashika maji bila kuyapitisha. Changarawe ya volkeno ina nafasi kubwa zilizoungana, hivyo hupitisha maji kwa urahisi.

Kilimanjaro ni mlima wa volkeno. Umejengwa kwa matabaka ya lava, majivu na changarawe yaliyotoka kwa nyakati tofauti. Lava ilipopoa ilipasuka nyufa. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa na changarawe hizo, hushuka, na yakikutana na tabaka lisilopitisha maji hutembea juu ya tabaka hilo kufuata mteremko. Mahali tabaka hilo linapojitokeza ubavuni mwa mlima, au mteremko unapokutana na tambarare, maji hutoka nje kama chemchemi. Hivyo ndivyo zilivyo chemchemi za Nsere na Shiri zinazohudumia mji wa Moshi, na Miwaleni katika tambarare ya chini ya Himo. Ziwa Chala, lililo kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka chini ya ardhi.

*Je, maji haya yanatoka kwenye barafu ya Kibo?*

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na watu wengi huhitimisha kuwa barafu ikiisha chemchemi zote zitakauka. Ukweli ni kwamba mchango wa barafu katika maji ya chemchemi ni mdogo. Chanzo kikubwa ni mvua na ukungu katika ukanda wa msitu. Msitu wa miteremko ya kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka katika sehemu zake zenye mvua nyingi, wakati tambarare za chini hupata chini ya milimita 900. Majani huvunja nguvu ya matone, mboji hunyonya maji, na mizizi hufungua njia za kupenya ardhini. Kwa hiyo anayekata msitu anagusa kisima cha Himo moja kwa moja kuliko barafu inayoyeyuka.

2. Uchafuzi wa maji

Uchafuzi wa maji ya chini ya ardhi una hatari ya pekee: hauonekani. Mto ukichafuka utaona rangi na kusikia harufu. Kisima kinaweza kutoa maji meupe kabisa yenye vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Pia maji ya chini ya ardhi hutembea polepole, hivyo uchafu ukishaingia huchukua muda mrefu sana kuondoka.

Vyanzo vikuu katika mazingira ya Himo na miteremko ya juu yake ni hivi:

(i) *Vyoo vya shimo na maji taka ya miji inayokua.* Kwenye changarawe na lava yenye nyufa, maji hupita haraka kabla udongo haujayachuja. Kanuni ya kawaida ni kuchimba choo angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ardhini. Kwenye mwamba wenye nyufa, umbali uongezwe.

(ii) *Kilimo.* Mbolea za chumvichumvi huacha naitreti, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Mrututu unaopuliziwa kahawa una shaba inayobaki kwenye udongo.

(iii) *Maji ya kumenyea kahawa.* Maji haya hubeba utelezi na maganda. Yakimwagwa mtoni huoza, huongeza asidi na kumaliza oksijeni ya viumbe wa majini.

(iv) *Gereji, vituo vya mafuta, masoko na taka ngumu.* Mafuta machafu yanayomwagwa ardhini huoshwa na mvua na kushuka hadi kwenye usawa wa maji.

(v) *Chanzo cha asili: floraidi.* Miamba ya volkeno huyeyusha floraidi ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hupinda. Tatizo hili linajulikana sana katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita. Njia mojawapo iliyotumika nchini ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

*Zoezi lililofanywa*

Chukua mfano wa kubuni. Usawa wa maji katika kisima A uko mita 842 juu ya usawa wa bahari, na katika kisima B uko mita 836. Umbali kati yao ni mita 300. Choo kinatarajiwa kuchimbwa katikati. Ni kisima kipi kiko hatarini?

Jibu: Maji hutoka kwenye usawa wa juu kwenda wa chini, yaani kutoka A kwenda B. Tofauti ni 842 − 836 = mita 6. Mteremko wa maji ni 6 ÷ 300 = 1/50. Uchafu wa choo utaelekea B, kwa hiyo kisima B ndicho kilicho hatarini.

Unapojibu, taja mwelekeo kwanza, kisha hesabu, kisha hitimisho. Na ukiwa nyumbani, tazama kisima chenu na choo cha jirani aliye upande wa juu. Swali hili si la mtihani peke yake.

3. Maporomoko ya ardhi

Maporomoko ya ardhi ni kushuka kwa udongo, mawe au tope kwenye mteremko kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Katika kujibu, tenganisha sababu za msingi na kichocheo.

*Sababu za msingi* huuandaa mteremko: mwinuko mkali, udongo mzito wa volkeno uliokaa juu ya tabaka linaloteleza, kukatwa kwa miti yenye mizizi mirefu, na kukata kilima kwa ajili ya nyumba, barabara au machimbo ya moramu.

*Kichocheo* ndicho kinachouangusha. Hapa kwetu mara nyingi ni mvua kubwa au ya siku nyingi, na mahali pengine tetemeko la ardhi. Maji yanapojaza vinyweleo hufanya mambo mawili: huongeza uzito wa udongo, na husukuma chembechembe zitengane ili msuguano upungue. Mteremko uliosimama miaka mingi huweza kuanguka kwa dakika chache.

Mifano ya kutumia:

- Same, Mkoa wa Kilimanjaro, Novemba 2009: maporomoko katika Milima ya Pare yaliua watu zaidi ya 20.
- Bududa, Uganda, 1 Machi 2010: udongo wa Mlima Elgon, ambao pia ni volkeno, ulifukia makazi na kuua mamia ya watu.
- Hanang, Mkoa wa Manyara, 3 Desemba 2023: sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka, ikawa tope lililobeba mawe na magogo hadi mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Zingatia mfano wa Hanang. Katesh uko chini ya mlima, kama ilivyo Himo. Waliofikiwa na tope hawakuwa wote wakazi wa mteremko. Tope lilifuata mabonde ya mito. Kwa hiyo usiandike kuwa wakazi wa tambarare wako salama. Uliza nyumba iko umbali gani kutoka kwenye bonde la mto au korongo.

*Dalili za hatari:* nyufa mpya ardhini au ukutani. Nguzo na miti kuinama. Milango kuanza kubana. Chemchemi mpya kutokea au maji kugeuka tope ghafla. Na mto kupungua ghafla wakati mvua inanyesha juu. Dalili hii ya mwisho huwadanganya wengi. Mto umezibwa na udongo huko juu, na kizuizi kikivunjika maji na tope hushuka kwa pamoja. Watu waondoke bondeni na kupanda mahali pa juu, pembeni mwa njia ya maji.

4. Hatua za kuchukua

- Kulinda msitu na kuendeleza vihamba vyenye migomba, kahawa na miti mirefu, kwa kuwa vinafunika udongo.
- Kutengeneza matuta na kusafisha mifongo, ili maji yasivuje ovyo na kulowesha kingo za mteremko.
- Kutii Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji.
- Kupata kibali kabla ya kuchimba kisima kirefu. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake Moshi.
- Kupima maji ya kisima kabla ya kuyatumia, ikiwa ni pamoja na floraidi.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

1. Kusema maji ya chini ya ardhi ni "mto unaopita chini". Kwa kawaida hujaza vinyweleo na nyufa.
2. Kusema kuchemsha huondoa uchafu wote. Huua vijidudu, hakuondoi floraidi, naitreti wala shaba.
3. Kutaja mvua kama sababu pekee ya maporomoko.
4. Kutaja mfano bila mahali wala mwaka.

Jipime

1. Eleza kwa nini chemchemi nyingi za Kilimanjaro hutokea sehemu za chini za mlima. (alama 5)
2. Tofautisha sababu za msingi na kichocheo cha maporomoko ya ardhi, ukitoa mifano miwili ya Tanzania. (alama 6)
3. "Msitu wa Kilimanjaro ni tangi la maji la Himo na pia ni ukuta wake." Jadili kauli hii kwa hoja nne. (alama 15)
4. Kisima kimechimbwa mita 20 kutoka choo cha shimo, kwenye lava yenye nyufa, upande wa chini wa mteremko. Mshauri mwenye nyumba, na utoe sababu tatu. (alama 6)