Upimaji wa Mwitikio wa Masafa wa Seli za Fotoakustika: Spika au Leza?

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kwamba mwanga unaokatizwakatizwa huzalisha sauti katika mada inayoufyonza. Seli ya fotoakustika hutumia kanuni hiyo kupima gesi zilizomo hewani kwa kiasi kidogo mno: leza huipasha gesi joto kwa vipindi, gesi hutanuka na kusinyaa, na maikrofoni hunasa badiliko la kanieneo. Mwitikio wa masafa huonyesha ni wapi seli huikuza sauti hiyo, na kwa kiwango gani.

Tuchukue bomba lililo wazi pande zote mbili, lenye urefu wa milimita 100 na nusukipenyo cha milimita 3. Sauti ikisafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, hesabu ya haraka hutoa resonansi ya kwanza ya 1715 Hz. Hata hivyo, wimbi hutokeza nje ya kila mdomo wa bomba kwa takribani 0.6 ya nusukipenyo. Urefu wa kiakustika huwa milimita 103.6, na resonansi hushuka hadi karibu 1655 Hz. Iwapo kipeo cha ubora ni 30, upana wa kilele ni 55 Hz tu. Anayetegemea hesabu ya kwanza atapoteza zaidi ya nusu ya ishara yake. Ndiyo maana kupima hakuepukiki.

Wengi huisisimua seli kwa spika ndogo, kwa kuwa haihitaji gesi inayofyonza. Njia hii hutosha kutafuta mahali pa kilele. Kukadiria unyetivu wa seli ni jambo jingine. Mchoro unaopatikana huchanganya mwitikio wa seli na wa spika yenyewe. Tena, na hili husahaulika, spika iliyowekwa kwenye mdomo mmoja huamsha pia modi ya pili, karibu na 3300 Hz. Mwanga unaopita katika mhimili wa bomba hauiamshi: kanieneo ya modi hiyo hupanda katika nusu moja na kushuka katika nyingine, hivyo michango ya joto hufutana.

Kwa leza, nguvu ya mwanga hupimwa katika kila hatua ya masafa, na ishara hugawanywa kwayo. Halijoto nayo iandikwe: nyuzi moja tu huhamisha kilele kwa karibu 3 Hz.