Je, Kahawa Huzuia Mtoto?



Ndugu Waislamu, tuchukulie mfano wa nyumba moja huko Busunzu, wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Bwana na Bibi wamo katika mwaka wa tatu wa ndoa yao, wala hawajajaaliwa mtoto. Majirani wameanza kunong'ona. Mavyaa, ambaye hapo kwanza akimwita mkaza mwanawe "mwanangu", sasa humtazama akinywa kikombe chake cha asubuhi na kumwambia: "Kahawa hiyo ndiyo iliyokukausha tumbo." Bibi hukiweka kikombe chini kwa haya. Mume hunyamaza, na usiku, baada ya sala ya Isha, huenda zake barazani kunywa vikombe vitano au sita pamoja na wenziwe, wala hapana amwulizaye neno.

Mfano huu tumeubuni, lakini kila msomaji ataujua, kwani lawama za namna hii zimevunja ndoa nyingi. Basi yatupasa tuulize: neno la mama yule lina ukweli gani?

Si mara ya kwanza kahawa kushitakiwa. Masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa katika karne ya 15 ili wapate kukesha katika dhikri. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa mtawala wa Makka kwa niaba ya Sultani wa Misri, aliipiga marufuku. Lakini marufuku yake haikudumu, kwa kuwa wakubwa wake wa Kairo hawakuiunga mkono. Mashitaka, basi, ni jambo moja, na ushahidi ni jambo jingine.

Kitu kinachoondoa usingizi katika kahawa huitwa kafeini. Aliyekitenga mara ya kwanza ni mtaalamu wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, mwaka 1819. Nacho hakimo katika kahawa peke yake, bali kimo pia katika chai, katika soda za kola, na katika vinywaji vya kuongeza nguvu viuzwavyo madukani.

Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za wanawake 104 waliokuwa wakitafuta mimba. Waliona kwamba wale waliotumia kafeini zaidi ya ile iliyomo katika kikombe kimoja cha kahawa kwa siku walikuwa na nafasi ya kushika mimba, katika kila mwezi, iliyo kama nusu ya nafasi ya wenzao. Habari hizo zikaenea na kuwatia watu hofu. Lakini wanawake hao walikuwa wachache. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa Denmark juu ya wanawake zaidi ya 3,000, nao haukuona kwamba kafeini yawachelewesha kwa kiasi cha kutajika. Kwa hiyo hapana ushahidi wa kutosha kwamba kikombe kimoja au viwili kwa siku humfanya mwanamke awe tasa.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kahawa haina hisabu. Mwanamke akishika mimba, mwili wake huchelewa kuiondoa kafeini, nayo hupita ikamfikia mtoto tumboni, ambaye hana uwezo wa kuivunja. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016, lilishauri kwamba mja mzito atumiaye zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya, mwaka 2015, waliweka kiasi cha 200 kuwa hakina hofu. Na kwa kuwa mwanamke katika majuma ya kwanza aghalabu hajijui kuwa ana mimba, ni busara aanze kujipimia tangu pale anapoitafuta.

Kikombe kikubwa cha kahawa, cha mililita 240 hivi, huwa na miligramu karibu 95. Cha chai huwa na 30 hadi 50. Kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na kama 80. Basi vikombe viwili vya kahawa, au vinne vya chai, vyatosha kwa siku nzima. Tena, chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, na upungufu wa damu ni hatari kwa mja mzito. Afadhali zinywewe saa moja au mbili mbali na chakula.

Na yule bwana wa barazani je? Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walieleza habari za mimba 344. Waliona kwamba mume au mke akinywa zaidi ya vinywaji viwili vyenye kafeini kwa siku kabla ya mimba kushikwa, mimba ziliharibika zaidi. Jambo hilo si hukumu ya mwisho, lakini latosha kumwonyesha mume kwamba naye yumo katika hisabu.

Na sababu zilizo kubwa ziko kwingine: maradhi ya zinaa yasiyotibiwa, mirija ya uzazi kuziba, yai lisilopevuka, umri, sigara, pombe, na mbegu za mume kuwa chache au dhaifu. Katika karibu nusu ya ndoa zilizokosa mtoto, mume ana sehemu yake katika sababu. Matabibu husema: ukipita mwaka mmoja bila ya mimba, au miezi sita ikiwa mke amepita umri wa miaka 35, waende wote wawili kupimwa. Waanze kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya. Kupima mbegu za mume ni jambo jepesi, wala si aibu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Tukumbuke pia kwamba Nabii Ibrahim na Nabii Zakariya (A.S.) walikaa hata uzeeni bila ya mtoto kwa wake zao, nao walielekea kwa Mola wao kwa dua. Na Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Sura ya Ash-Shura kwamba ni Yeye agawaye wana wa kike na wa kiume, na amjaaliaye amtakaye asizae.

Basi ewe mama mkwe, mrudishie mkaza mwanao kikombe chake cha asubuhi. Nawe bwana, punguza vikombe vya barazani, kisha mshike mkono mkeo mwende pamoja kwa tabibu. Mwenyezi Mungu awaruzuku wanandoa wetu kizazi chema, na awape subira wale aliowachelewesha. Amin.