Baa Inayofuata Mwezi

Mgeni anayetoka Dar es Salaam hushangazwa na jioni ya Mwanza. Saa yake ya mkononi haijabadilika, lakini jua halina haraka. Mwanza iko magharibi zaidi, hivyo jua huzama kama dakika 25 baada ya kuzama Dar es Salaam. Kwa wenye baa kandokando ya Ghuba ya Mwanza, hiyo ni karibu nusu saa ya biashara wanayopewa bure kila siku. Mtu anatoka kazini, anashuka taratibu hadi ufukweni, anavuta kiti cha plastiki, na bado analikuta jua likining'inia juu ya maji upande wa Sengerema.

Baa za ufukweni si za aina moja. Zipo za Capri Point zenye bustani, orodha ya vyakula yenye picha na bei za kitalii. Zinazostahili safari ni zile za mtaani, ambazo wenyeji wengi huziita glosari: kaunta yenye nondo, friji mbili, televisheni ya kutazamia Simba na Yanga, na jiko la mkaa uani. Mwanza ni mji wa miamba, na miamba haihami kumpisha fundi. Mahali pengine baa imejengwa kulizunguka jiwe, na jiwe lenyewe limegeuka meza.

Anayeingia husalimu kwanza, tena si meza yake tu. Shikamoo kwa wazee, mambo kwa rika lake, na akijua kusema "Mwadila", salamu ya Kisukuma ya kuanzia mchana hadi jioni, atasogezewa kiti kabla hajaulizwa jina. Kisha mhudumu huja na swali lake: "Ya baridi au ya moto?" Bia ya moto haijachemshwa na mtu. Ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuonja friji, na ina wapenzi wake wa kudumu, hasa wazee wanaodai kwamba baridi huua ladha. Kubishana nao ni kupoteza jioni.

Chupa inayoonekana sana huku ni Balimi. Jina hilo ni la Kisukuma, maana yake wakulima, na Kanda ya Ziwa ndiko nyumbani kwake. Kampuni ya Bia Tanzania ina kiwanda hapa Mwanza, kwa hiyo kreti haisafiri mbali. Mhudumu huileta chupa ikiwa na kizibo chake na kuifungua mbele ya mteja, naye aone kwa macho yake. Chupa tupu mara nyingi hazihamishwi mezani hadi wakati wa bili, maana ndizo mashahidi. Katika baa nyingi mhudumu huchukua kinywaji kaunta kwa dhamana yake mwenyewe, halafu ndiye anayemdai mteja. Anayeondoka kimyakimya na deni hajamwibia mwenye baa. Amemwibia huyo dada aliyekuwa akimhudumia tangu jioni.

Mzoefu huagiza samaki kabla ya bia. Sato huchaguliwa akiwa mzima, bei ikifuata ukubwa, kisha hupasuliwa mbavuni kwa kisu, hupakwa chumvi na ndimu, na huingia mafutani au hulazwa juu ya mkaa. Si chakula cha dakika kumi. Huletwa na ugali, kachumbari na pilipili, pamoja na jagi la maji ya kunawa. Sangara ni mkubwa kuliko sato na ndiye aliyevijaza viwanda vya minofu vya Mwanza, lakini safari yake kubwa ni ya kwenda nje ya nchi. Yeye mwenyewe ni mgeni humu, kwani alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Mezani, wenyeji wengi bado humpigia kura sato.

Ila mwenye baa aliyekaa ufukweni miaka mingi haangalii friji wala jiko kujua wiki yake itakuwaje. Anaangalia juu.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta dagaa karibu na mtumbwi, kisha wavu hufanya kazi yake. Njia hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima huwaka na taa ya mvuvi haina tena cha kuwaonyesha dagaa. Kwa hiyo kila mwezi, kwa wiki moja hivi au zaidi, wavuvi wa dagaa huvuta mitumbwi nchi kavu, hushona nyavu, huenda kuona familia zao. Jioni za siku hizo wapo ufukweni, wamekaa. Baa iliyo karibu na mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, huwapata wakiwa na muda, na wale waliovuna vizuri wakiwa na fedha. Hapo ndipo mtu husikia "Zungusha hapa!", yaani kila aliye mezani aongezwe kwa gharama ya msemaji.

Mwezi ukififia, wavuvi hurudi majini na baa hupata wageni wengine wasiolipa. Ni wadudu wadogo wa ziwani, ambao viluwiluwi vyao hukulia kwenye matope ya chini. Huibuka kwa mamilioni katika siku za mwezi mwandamo, na kwa mbali wingu lao huonekana kama moshi uliosimama juu ya maji. Hawaumi. Hupenda taa tu, na kutoka kwenye taa huanguka kwenye glasi, kwenye kachumbari na kwenye nywele za watu. Dawa ya mwenye baa ni moja: kuzima taa za nje na kubakiza ya kaunta.

Ziwa lenyewe pia huja baa bila kualikwa. Maji yake mengi hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo misimu michache ya mvua kubwa hutosha kulipandisha. Mwaka 2020 lilivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na 2024 likapanda tena. Fukwe zilifunikwa, na mahali palipokuwa pa viti pakawa pa mitumbwi. Wapo waliokumbushwa hapo kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Mita 60, kwa mtu anayeuza upepo na mandhari, ni mbali sana.

Mgeni anayetaka kuogelea kati ya bia na samaki ashauriwe vinginevyo, kwani kichocho kipo. Miguu ibaki mchangani.

Akifika usiku wa giza, atakuta mambo yamegeuka. Baa imezima taa, watu wanatambuana kwa sauti, na mhudumu anahesabu chupa kwa mwanga wa simu. Ng'ambo ya miamba, kule majini, taa za dagaa zimejipanga safu kwa safu, nyingi kiasi kwamba asiyejua huuliza ule ni mji gani.