Injini ya Pili Juu ya Vilima

Ukisimama kwenye mteremko wa Muhima, jijini Kigali, ukatazama Nyabugogo, unaona mabasi, mapaa ya bati, kinamasi, kisha mlima unapanda tena. Rubani aliyezimikiwa na injini yake pekee hapo juu atatua wapi? Ndiyo maana kila nikisikia vijana wa Kigali wakitamani kuunda ndege nyepesi, nawauliza kwanza habari za injini ya pili.

Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa ajili ya msitu wa Kongo. Miaka ya 1990, National Geographic ilitaka picha za angani za msitu wa Ndoki, Kongo-Brazzaville, ambako miti imefunika ardhi yote. Mmarekani Phil Lockwood akabuni AirCam: bodi ya alumini, mbawa za kitambaa, viti viwili vilivyo wazi kwa upepo, injini mbili za Rotax nyuma ya bawa. Ugumu wa ndege kama hii ni kwamba injini moja ikifa, nzima huisukuma ndege kuelekea upande wa iliyokufa. Lockwood aliziweka injini karibu na bodi, msukumo huo ukapungua, rubani akaumudu kwa usukani wa mkiani. AirCam huuzwa vipande vipande, mnunuzi akaiunga mwenyewe.

Rwanda nayo ina ndege ndogo zake. Tangu Oktoba 2016, kituo cha kampuni ya Zipline kiko Muhanga, kiasi cha kilomita 50 kwa barabara itokayo Nyabugogo. Ndege zake zisizo na rubani, za kama kilo 20, zina mota mbili za umeme. Hurushwa kwa manati, hudondosha boksi la damu kwa mwavuli wa karatasi, hurudi na kunaswa mkia kwa kamba iliyokazwa hewani. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet Global Health mwaka 2022 ulionyesha kuwa damu iliyopitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Hospitali ya Muhima, inayojulikana kwa kuzalisha, inajua damu ikichelewa mama anakuwa katika hali gani.

Ningependa mafundi wa gereji za Gatsata, ng'ambo tu ya Nyabugogo, wapewe karakana na kibali cha mamlaka ya anga waunge ndege moja ya injini mbili. Waanze na mizani. Injini ya pili huja na uzito wake, mafuta yake na matengenezo yake, kwa hiyo kila boliti ipimwe kabla ya kufungwa.